Pasipoti Mpya Huanzia Kabatini

Na Mwandishi Wetu

TANGU maombi ya pasipoti yalipoondolewa kwenye fomu za kuchukua dirishani na kuhamishiwa kwenye mtandao wa kompyuta, imeenea miongoni mwetu wakazi wa mijini imani moja iliyo nzuri lakini isiyo kamili. Imani hiyo ni kwamba kuhuisha pasipoti sasa ni kazi ya kidole tu: mtu aketi kitini, afungue simu yake, ajaze majina, alipe, kisha angoje kuitwa.

Kwa upande mmoja ni kweli. Safari ya kwenda kuchukua fomu imekwisha, na mfanyakazi wa kiwandani au karani wa duka halazimiki tena kuomba ruhusa ya siku nzima ili akajaze karatasi tu. Lakini kwa upande wa pili, kompyuta haikuiondoa kazi yenyewe. Imeihamisha. Kazi iliyokuwa ikifanyika mbele ya ofisa, akikuuliza na kukusahihisha, sasa huifanya wewe mwenyewe nyumbani, na mkaguzi wako wa kwanza ni mashine isiyojua kwamba jina la baba yako liliandikwa vibaya na karani wa mwaka 1974.

Ndiyo maana makala haya yanataka kukushauri, ndugu msomaji, kwamba kabla hujaifungua simu, ulifungue kabati. Iteremshe ile bahasha ya kaki yenye vyeti vya familia, uimwage mezani, na usome kila karatasi herufi kwa herufi. Aliyefanya hivyo mapema hujaza maombi kwa saa moja. Asiyefanya hivyo aghalabu hugundua kasoro siku ambayo hospitali ya India imekwisha kumpangia mgonjwa wake tarehe, au siku ambayo jina lake limo katika orodha ya mahujaji, au siku ambayo mtoto wake amepata nafasi ya masomo na mzazi anatakiwa kumsindikiza.

KWA NINI JAMBO HILI NI LA SASA

Tarehe 31 Januari 2018, jijini Dar es Salaam, Rais John Magufuli alizindua pasipoti ya kielektroniki ya Tanzania, iliyotengenezwa kwa mfano mmoja uliokubaliwa na nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki. Pasipoti hiyo hudumu miaka 10. Zile za zamani zilipewa muda wa mpito, na mwezi Januari 2020 matumizi yake yakakoma.

Tazama basi maana ya tarehe hizo. Watanzania waliokuwa na pasipoti za zamani na wakataka kuendelea kusafiri walilazimika kuzibadili ndani ya miaka 2 tu. Pasipoti za mwanzo kabisa zitafikia mwisho wake mapema mwaka 2028, na zile zilizotolewa mwishoni mwa mpito zitafuata mpaka mwanzoni mwa 2030. Waliobadili pamoja watahitaji kubadili tena pamoja. Hesabu hiyo haihitaji mganga wa kupiga ramli.

Tena, tarehe iliyoandikwa katika pasipoti siyo siku unayoweza kuitumia kwa amani mpaka jioni yake. Nchi nyingi hutaka pasipoti ya mgeni iwe na uhai wa miezi 6 au zaidi. India hutaka hivyo kwa mwombaji wa viza ya mtandaoni. Saudi Arabia hutaka hivyo kwa mahujaji, na Dubai nayo hutaka hivyo kwa wafanyabiashara wetu wanaokwenda kununua bidhaa. Kwa hiyo pasipoti inayokwisha Machi 2028, kwa safari za namna hiyo, imekwisha Septemba 2027. Msafiri asiyejua sharti hili huweza kukataliwa kupanda ndege akiwa hapa hapa nyumbani, mizigo imekwisha pimwa na nauli imekwisha lipwa, ingawa kitabu chake kwa macho bado ni kizima.

Yafaa kila familia iandike tarehe mbili nyuma ya kalenda ya ukutani: tarehe ya mwisho iliyomo katika pasipoti, na tarehe ya miezi 6 kabla yake. Hiyo ya pili ndiyo ya kuiheshimu. Na matayarisho yafaa yaanze angalau nusu mwaka kabla ya hiyo ya pili, kwa sababu ambazo utaziona hapa chini.

HAIONGEZWI MUDA, HUTOLEWA NYINGINE

Neno "kuhuisha" hutuponza kidogo. Mtu hudhani atagongewa muhuri na kuongezewa miaka. Zamani jambo hilo lilikuwako katika nchi nyingi: kitabu kilekile kilirudi kwa mwenyewe kikiwa na muhuri wa nyongeza. Pasipoti ya kitabu tunayoijua leo asili yake ni mkutano uliofanyika Paris mwaka 1920 chini ya Umoja wa Mataifa wa kale, uliopendekeza kitabu cha namna moja chenye kurasa 32. Kwa miaka mingi kilikuwa ni karatasi, picha na wino, na muhuri uliweza kukiongezea uhai.

Pasipoti ya leo haiwezi kufanyiwa hivyo. Ndani yake mna kidude kidogo cha elektroniki ambacho hubeba habari za mwenye pasipoti na sura yake, na husomwa na mashine za mipakani. Alama yake ni ule mchoro mdogo wa dhahabu ulioko kwenye jalada, mfano wa kisanduku chenye duara katikati. Malaysia ilikuwa nchi ya kwanza kutoa pasipoti ya namna hiyo, mwaka 1998. Maadamu habari zimekwisha fungwa humo, haziandikwi upya. Unapohuisha, unapewa kitabu kingine, picha nyingine na namba nyingine.

Namba nyingine! Hapo ndipo penye jambo la kukumbuka. Viza iliyomo katika kitabu cha zamani, kibali cha kazi cha ndugu aliyeko Muscat, tiketi iliyokatwa mapema, usajili wa chuo cha ng'ambo, vyote hivyo vina namba ya zamani. Usikate tiketi wala kuomba viza kwa pasipoti unayojua iko njiani kubadilishwa. Na kama kitabu cha zamani kina viza ambayo bado ni hai, mweleze ofisa mapema, uulize ubalozi wa nchi husika utaratibu wao, na ukihifadhi kitabu hicho pamoja na kipya.

BAHASHA YA KAKI

Sasa turudi mezani ulipoimwaga bahasha. Tafuta vitu hivi: pasipoti yako ya sasa, kitambulisho chako cha Taifa, cheti chako cha kuzaliwa, na cheti cha kuzaliwa cha mzazi wako mmoja au kiapo kinachosimama badala yake. Kama umeolewa na unatumia jina la mumeo, ongeza cheti cha ndoa. Kama uliwahi kubadili jina, ongeza hati iliyosajiliwa ya mabadiliko hayo. Wakazi wa Zanzibar wawe na kitambulisho chao cha Mkazi pia. Ziko safari ambazo hutakiwa barua au uthibitisho wa shughuli unayoiendea. Uwe nao tayari.

Viweke sambamba, kimoja chini ya kingine. Kisha soma mambo manne: jina la kwanza, jina la baba, jina la babu au la ukoo, na tarehe ya kuzaliwa.

Hapa ndipo wengi hushtuka. Mwanaisha wa cheti cha kuzaliwa ni Aisha wa kitambulisho. Mohamedi wa shule ya msingi ni Muhammad wa benki. Bwana aliyeandikwa kwa jina la baba na la babu kijijini aliandikwa kwa jina la ukoo alipoajiriwa mjini. Mama aliyeolewa mwaka 1995 ana jina la mume katika kadi ya hospitali, jina la baba katika cheti cha shule, na yote mawili katika kitambulisho. Kwa jirani zake huyo ni mtu mmoja anayejulikana mtaa mzima. Kwa mashine hao ni watu watatu.

Tusiwalaumu wazee wetu kwa mambo haya. Wengi waliozaliwa kabla ya Uhuru wa mwaka 1961 hawakuandikishwa popote. Walikumbukwa kwa mavuno, kwa njaa, kwa mafuriko, au kwa mwaka ambao reli ilifika. Walipotakiwa tarehe, walikadiriwa. Watoto wao wakabatizwa kwa jina moja, wakaitwa jingine nyumbani, na mwalimu wa darasa la kwanza akaandika alivyosikia. Karatasi hizo ziliishi kila moja peke yake kwa miaka mingi bila kukutana. Kompyuta ndiyo iliyozikutanisha.

Iko njia rahisi ya kuona kasoro ya tarehe. Namba ya kitambulisho cha Taifa inayotolewa na Mamlaka ya Vitambulisho, yaani NIDA, ina tarakimu 20, na tarakimu 8 za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa: mwaka, mwezi, siku. Aliyezaliwa tarehe 12 Aprili 1978 namba yake huanza na 19780412. Linganisha tarakimu hizo na cheti chako cha kuzaliwa na pasipoti yako ya zamani. Zikitofautiana hata kwa siku moja, umekwisha pata kazi ya kufanya kabla hujaigusa fomu.

MPANGILIO WA KUSAHIHISHA

Makosa yakionekana, usikimbilie kuyaficha kwa kujaza fomu kwa jina "linalofaa". Fomu itapita, lakini viambatisho vitakusuta. Anza na karatasi iliyo mzizi wa nyingine zote, yaani cheti cha kuzaliwa, ambacho kwa Tanzania Bara hushughulikiwa na RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Vyeti vya zamani vilivyoandikwa kwa mkono yafaa vihakikiwe mapema, maana mara nyingine cheti ni halali lakini wino umefifia hata herufi hazisomeki. Zanzibar ina wakala wake wa usajili.

Cheti kikiwa sawa, ndipo uende NIDA kama kitambulisho ndicho chenye kosa. Ukianza na kitambulisho kabla ya cheti, huenda ukalazimika kurudi mara mbili. Tofauti ndogo ya jina, kama ile ya Asha na Aisha, huweza kuelezwa kwa kiapo kilichofanywa mbele ya wakili au hakimu, kinachotamka kwamba majina hayo mawili ni ya mtu mmoja. Mabadiliko makubwa, ambapo mtu anaacha jina moja na kushika jingine, huhitaji hati iliyosajiliwa.

Lakini fikiri kabla ya kuchagua ni jina lipi libaki. Kama kwa miaka 10 umesafiri kwa jina fulani, umesoma kwa jina hilo na una akaunti kwa jina hilo, kulibadili kwa ajili ya kulipendeza zaidi ni kujitwisha mzigo. Familia ikae pamoja, ikubaliane jinsi jina la babu litakavyoandikwa, na watoto wote waandikishwe hivyo hivyo. Kufanya hivyo hakugharimu fedha, na kizazi kijacho kitawashukuru.

Neno moja zaidi kuhusu majina. Chini ya ukurasa wenye picha yako mna mistari miwili ya herufi kubwa na alama kama mikuki, kila mmoja una nafasi 44. Hiyo ndiyo sehemu isomwayo na mashine. Humo hamna kibainishi. Majina yenye ng', ambayo ni mengi Usukumani na Ugogoni, huandikwa humo bila ile alama. Unapokata tiketi, fuata tahajia ya mistari hiyo miwili, na mpangilio wa majina uwe uleule wa pasipoti. Wakala wa tiketi akiandika kwa kusikia sikio lake, utalipia wewe.

MBELE YA KOMPYUTA

Karatasi zikiwa sawa, sehemu ya mtandao ni nyepesi kuliko inavyoogopwa. Nenda kwenye tovuti ya Idara ya Uhamiaji, immigration.go.tz, na si nyingine. Angalia mwisho wa anwani: tovuti za Serikali yetu huishia na go.tz. Anwani inayofanana kwa sura lakini yenye mkia mwingine iache, hata kama ndiyo ya kwanza kutokea unapotafuta.

Jaza taratibu, huku karatasi ziko mbele yako, usijaze kwa kukumbuka. Ambatisha picha na nakala za vyeti. Nakala ziwe za kusomeka. Cheti kilichopigwa picha usiku chini ya taa ya kibatari kitakurudia. Kipige mchana, kikiwa kimelala bapa mezani, pasiwe na kivuli cha mkono wako. Ukimaliza utapewa namba ya ombi. Iandike daftarini, siyo kwenye simu peke yake, kwa kuwa simu huibwa na hudondoka majini.

Kisha utapewa namba ya kumbukumbu ya malipo. Ina tarakimu 12 na huanza na 99. Kwa namba hiyo hulipwa benki, kwa wakala, au kwa simu yako mwenyewe. Ada ya pasipoti ya kawaida iliyotangazwa wakati wa uzinduzi wa mwaka 2018 ni shilingi 150,000. Shilingi 20,000 hutangulia pamoja na fomu, na shilingi 130,000 zilizobaki hulipwa hatua ya baadaye. Kiasi unachodaiwa kisome kwenye namba hiyo, siyo kwenye mdomo wa mtu.

Shilingi 150,000 ni fedha nyingi kwa mfanyakazi wa kima cha chini, na kwa mume na mke ni shilingi 300,000. Lakini kwa kuwa tarehe inajulikana miaka 10 mbele, familia ina nafasi ya kujiwekea. Shilingi 12,500 kila mwezi kwa mwaka mmoja hutosha kwa pasipoti moja. Anayengoja dharura ndiye anayekopa.

Baada ya kulipa, fomu huchapishwa, hutiwa saini mahali panapotakiwa, na hupelekwa ofisi ya Uhamiaji pamoja na viambatisho. Ndugu zetu walioko nje ya nchi hupitia balozi zetu.

STESHENARI NA VISHOKA

Wengi wetu hatuna kompyuta nyumbani, na kujaza fomu ndefu kwenye simu ndogo huumiza macho. Kwa hiyo tunakwenda steshenari ya mtaani, ambako kijana hodari hutujazia kwa malipo madogo. Hakuna aibu katika hilo. Vijana hao wanafanya kazi halali na yenye manufaa. Lakini yako mambo matatu ya kushika.

La kwanza, barua pepe iwe yako. Kijana akitumia ya kwake ili kuokoa muda, taarifa zote za ombi lako zitakwenda kwake, na siku akihama mtaa huna pa kumpata. Ikiwa huna barua pepe, mwombe mwanao akufungulie nyumbani, na neno la siri ulijue wewe.

La pili, usiache karatasi zako ndani ya kompyuta ya watu. Cheti cha kuzaliwa, namba ya NIDA, picha na sahihi yako, vyote katika mahali pamoja, ni mali tosha kwa mwizi anayetaka kukopa au kusajili laini ya simu kwa jina lako. Kabla ya kuinuka, mwombe kijana afute nakala mbele ya macho yako, nawe uone zimefutwa.

La tatu, soma mwenyewe kabla ya ombi kutumwa. Kidole cha mchapaji huteleza. Kosa la herufi moja lililotengenezwa steshenari kwa nusu dakika huweza kukukalia miaka 10.

Kisha wako wale wa aina nyingine, vishoka, wanaozunguka karibu na ofisi na kunong'ona kwamba wana "mtu wao ndani". Huyo hutaka fedha mkononi au kwa namba ya simu ya mtu binafsi. Kumbuka kwamba malipo halali yana namba ya kumbukumbu, na fedha ya Serikali haipiti mfukoni mwa mtu. Kishoka akikuahidi cheti cha kuzaliwa cha haraka au kiapo kisicho na mwapaji, anakutengenezea kesi. Atakayesimama mahakamani siyo yeye, ni yule ambaye jina lake limo katika karatasi ya kughushi.

SIKU YA KWENDA OFISINI

Hapa ndipo wengine hulalamika: "Kama ni mtandao, mbona naitwa?" Jibu ni kwamba pasipoti ni zaidi ya tiketi ya kusafiria. Ni tamko la Taifa mbele ya mataifa mengine kwamba mtu huyu ni wetu. Chini ya Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, Mtanzania mtu mzima haruhusiwi kuwa raia wa nchi nyingine kwa wakati huo huo. Ofisa ana wajibu wa kujiridhisha kwamba aliyejaza fomu ndiye aliyeko mbele yake, na kwamba bado ni raia. Ukiulizwa ulizaliwa wapi, wazazi wako walitoka wapi, na unasafiri kwa shughuli gani, usichukulie kuwa ni dharau. Jibu kwa utulivu na kwa ukweli ulioko kwenye karatasi zako. Fika na vyeti halisi, siyo nakala tu.

Utachukuliwa alama za vidole. Na hapa wanaofanya kazi ya mikono wasikilize. Fundi mwashi anayeshika saruji, mama anayefua kwa sabuni kali, dobi, mpasuaji kokoto, vidole vyao hulika hata mistari yake ikawa hafifu, na mashine ikashindwa kuisoma. Siku chache kabla ya kwenda, pumzisha mikono kama unavyoweza, ipake mafuta usiku, na siku yenyewe uioshe na kuikausha vizuri. Mashine ikishindwa, mweleze ofisa kazi unayofanya. Hilo halikufanyi mtu wa kutiliwa shaka; ni alama ya jasho lako.

KITABU KIKIFIKA

Ukikabidhiwa pasipoti mpya, usiitie mfukoni kwa furaha ukaondoka. Simama hapo hapo dirishani, usome majina, tarehe ya kuzaliwa, mahali pa kuzaliwa, jinsia, tarehe ya kutolewa na tarehe ya mwisho. Kosa likionekana palepale linazungumzika. Likionekana uwanja wa ndege ni msiba.

Piga nakala 2: moja ibaki nyumbani kwa mtu unayemwamini, nyingine uwe nayo safarini mbali na pasipoti yenyewe. Usikikunje kitabu, usikiache kwenye jua la dirisha la gari, usikitoboe wala kukibania pini, kwa sababu kile kidude cha ndani kikiharibika kitabu chote kimepata hitilafu. Kikipotea, toa taarifa Polisi upate hati ya upotevu, kisha Uhamiaji, bila kuchelewa.

Na uwakumbushe vijana wanaokwenda kufanya kazi ng'ambo, hasa mabinti wanaokwenda kazi za nyumbani nchi za Ghuba: pasipoti ni mali ya Serikali iliyokabidhiwa kwa mwenye jina. Si dhamana ya kuweka kwa wakala, wala si kitu cha tajiri kukifungia kabatini mwake. Binti ajue namba ya pasipoti yake kwa kichwa na awe na nakala yake, na wazazi nao wawe nayo.

Anayetaka kwenda karibu tu, kama Nairobi au Kampala kwenye msiba, na pasipoti yake imekwisha, aulize ofisi ya Uhamiaji kuhusu Hati ya Dharura ya Safari. Itamfikisha na kumrudisha. Lakini haitamfikisha India wala Makka, na haiwezi kuwa desturi ya mtu kuishi kwa dharura.

KAZI YA JUMAPILI HII

Leo ni Jumapili, na huenda baba na mama wote wako nyumbani. Kazi tunayoipendekeza haihitaji bando wala nauli. Iteremsheni bahasha. Mmoja asome kwa sauti, mwingine afuate kwa kidole, na mtoto mwenye mwandiko mzuri aandike daftarini: jina la kila mtu katika kila karatasi, tarehe, na kasoro iliyoonekana. Babu na bibi kama wako hai waulizwe sasa majina ya wazazi wao na mahali walipozaliwa, maana wao ni daftari ambalo halina nakala, na siku likifungwa halifunguki tena.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa herufi moja katika cheti cha kuzaliwa huzibwa kwa subira na nauli ya basi, ukiwa na miezi mbele yako. Ukiwa na siku 3, na mgonjwa kitandani, na ndege inangoja, huo ni ukuta, na kompyuta haitakujengea.